Nyundo, pampu na mchanga wa matumbawe

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, kwetu Jambiani. Mama analima mwani, na tangu nikiwa mdogo namsaidia kuchomeka vigingi. Kuna jambo hunisumbua. Ukikipiga kigingi kwa jiwe hufika mahali kikagoma kabisa, lakini ukikishika ukakitikisatikisa huku unakikandamiza, kinazama. Juzi nikaona video ya ndoo kubwa ya chuma imepinduliwa kifudifudi chini ya bahari, inazama mchangani bila nyundo, kwa pampu ya kunyonya maji tu. Je, ni jambo lile lile? Na misingi ya namna ile yaweza kuwekwa kwenye bahari yetu? Nauliza kwa sababu kuna gati la hoteli moja hapa jirani, nguzo zake zilizamishwa kwa mpira wa maji. Kusi ya kwanza tu, nguzo zikalala upande.

Jibu: Marahaba mwanangu, na mpe mama salamu zangu. Nianze na yeye, maana nusu ya swali lako imo mikononi mwake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo maelfu ya wanawake wamekuwa wakichomeka vigingi mchangani kila bamvua. Kile unachokiona kwenye mkono wa mama yako ndicho tunachokihesabu ofisini kwa siku nyingi kabla tishari halijang'oa nanga.

Ndiyo, kwa asili yake ni jambo moja. Mchanga wa chini ya bahari ni chembe na maji, na unapozamisha kitu ndani yake, maji ndiyo yanayoamua: yanakwenda upande gani, kwa kasi gani, na yamepata nafasi ya kupita au hayakuipata. Nyundo na pampu ni njia mbili za kuyashurutisha. Bahari yetu ina jambo la ziada, nalo ni chembe zenyewe, na hapo nitakukalisha kidogo.

Chukua mita moja ya ujazo ya mchanga uliojaa maji. Uzito wake ni kama tani mbili. Maji ya ujazo huo huo ni tani moja. Kwa hiyo chini ya bahari, mchanga wa mita moja huilemea tabaka iliyo chini yake kwa tani moja tu, maana hiyo nyingine imebebwa na maji. Tani moja hiyo, inayopita kutoka chembe hadi chembe pale zinapogusana, ndiyo nguvu yote ya mchanga. Msuguano unaokamata nguzo unatoka hapo, na ukinzani unaozuia ncha isishuke unatoka hapo hapo. Karl Terzaghi, mhandisi mzaliwa wa Prague, ndiye aliyeliweka wazi jambo hili katika miaka ya 1920, na somo zima la udongo tunalofundisha leo limesimama juu yake. Shinikizo la maji baina ya chembe likipanda, chembe hupunguziwa mzigo na mchanga hulegea. Likishuka, chembe hukamatana na mchanga hukaza.

Sasa maji yakipwa nenda pwani, kwenye ule mchanga mgumu ulio mbichi bado, ukanyage taratibu huku unatazama. Mchanga unaouzunguka mguu hupauka ghafla kama uliokauka. Ukisimama sekunde chache unyevu unarudi, na ukiinua mguu unakuta dimbwi dogo pale ulipokanyaga. Watoto wote wa pwani wameliona hilo. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Uingereza, Osborne Reynolds, alilieleza akitumia mfano huu huu wa mguu ufukweni. Chembe zilizoshindiliwa na mawimbi zimepangana barabara, kila moja imekaa kwenye kishimo cha wenzake. Ukizilazimisha kuteleza, lazima zipandane kwanza, na zikipandana nafasi baina yao huongezeka. Nafasi hiyo inataka maji, nayo huyanyonya kutoka juu, ndiyo maana uso wa mchanga unapauka.

Rudi kwenye kigingi. Unapokipiga jiwe, mchanga wa chini ya ncha unalazimika kuteleza kwa ghafla. Unataka kutanuka, unataka maji, na maji hayawahi kufika. Kwa kitambo hicho kifupi shinikizo la maji hushuka, chembe zikafumbatana, na mchanga ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa kabla hujaupiga. Ukizidi kupiga kwa haraka, unazidi kuukaza. Mama anapokitikisa huku na huku anafungua ufa mwembamba kando ya mti. Maji yanashuka humo, chembe zinalegea na kupanda na maji, na ncha inapata pa kupita. Hajakipa kigingi nguvu zaidi. Ameupa mchanga maji uliyokuwa ukiyadai.

Mchanga uliokaa shagalabagala, ambao haujashindiliwa, hufanya kinyume. Ukiutikisa, chembe zake zinatafuta kukaa karibu zaidi, zinayabana maji, shinikizo linapanda, na mchanga unageuka uji. Katika tetemeko la Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa mazima, kuta hazikuvunjika, kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake ulifanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mchanga utaipokeaje nyundo, uliza umekaaje: umeshindiliwa au umelegea.

Tuje kwenye ndoo. Kuielewa, kumbuka unapofukua shimo ufukweni karibu na maji. Mwanzoni kuta zinasimama. Ukishapita usawa wa maji, sakafu ya shimo inaanza kububujika, mchanga unacheza kama uji unaotokota, na hata ukichota kwa kifuu hushindi. Maji yanayopanda yamezibeba chembe. Hesabu yake ni nyepesi. Mchanga una tani moja ya kujizuia kwa kila mita, maji yanayopanda nayo yana msukumo. Maji yakipoteza kimo cha mita moja wakati wa kupita kwenye mchanga wa mita moja kwenda juu, msukumo wao unalingana na uzito wote uliobaki wa chembe. Kuanzia hapo mchanga hauna nguvu tena, unaelea. Wahandisi tunauogopa mpaka huo kila tunapochimba msingi. Mwenye ndoo anausogelea kwa makusudi, akasimama hatua moja kabla ya kuufika.

Ndoo yenyewe ni silinda ya chuma iliyofungwa juu na kuachwa wazi chini. Inashushwa kwa winchi hadi sakafuni, na kwa uzito wake tu mdomo wake unaingia kiasi. Kiasi hicho cha mwanzo ni muhimu sana, maana mdomo usipojizika vizuri maji yatapenya chini yake na pampu itakuwa inayazungusha maji ya bahari bure. Mdomo ukishaziba, pampu iliyo juu ya kifuniko inaanza kutoa maji ya ndani. Shinikizo la ndani linashuka, la nje liko pale pale, na bahari yenyewe inakikandamiza kifuniko.

Tuhesabu pamoja. Ndoo ya kipenyo cha mita 12 ina kifuniko cha mita za mraba 113. Tofauti ya shinikizo ikiwa ni kilopaskali 50, sawa na kimo cha maji cha mita tano, nguvu inayokikandamiza kifuniko ni zaidi ya tani 570. Hakuna nyundo wala kelele, na tofauti hiyo ni pampu ya kawaida inayoitengeneza.

Lakini tani hizo ni nusu ya habari, na wengi wanaotazama video huishia hapo. Maji ya nje yanataka kuingia ndani, na njia yaliyo nayo ni moja: yashuke kando ya ukuta kwa nje, yauzunguke mdomo, yapande kwa ndani. Kwa nje, maji yanayoshuka yanazikandamiza chembe, msuguano unaongezeka kidogo. Kwa ndani yanapanda, yanazipunguzia chembe mzigo, na msuguano wa ukuta wa ndani unapungua hadi karibu kwisha. Pale kwenye mdomo, ambapo njia yao inajikunja, mchanga unalegea kuliko kote. Na ukinzani mkubwa wa kuzama mchangani ulikuwa hapo hapo kwenye mdomo. Pampu moja inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inasukuma kutoka juu na kulainisha kutoka chini. Kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao maji hayapiti kwa urahisi, unapata ile kazi ya kwanza tu. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mchanga ulioshindiliwa hauwezi kuingizwa ndoo kwa kunyonya, maana ukipima ukinzani wake bila kuhesabu mwendo wa maji, unaona tani ambazo pampu haitazifikia.

Jukwaa la gesi lililowatoa watu wasiwasi ni Draupner E, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, kwenye kina cha maji cha mita 70. Lilisimamishwa mwaka 1994 juu ya ndoo nne, kila moja kipenyo cha mita 12 na kuta za mita sita, ndani ya mchanga uliokaza. Tarehe 1 Januari 1995, kabla halijamaliza baridi yake ya kwanza pale, lilipitiwa na wimbi la mita 25.6, ambalo chombo cha kupimia kilichokuwa juu yake kililirekodi. Ndoo zilisimama. Miaka iliyofuata teknolojia hiyo ikahamia kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Karibu na Aberdeen, Uskoti, kuna mitambo 11 iliyosimamishwa mwaka 2018, kila mmoja una miguu mitatu na kila mguu una ndoo yake.

Kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya hapo ni mkono wa anayeshika pampu. Akinyonya pole pole mno, ndoo inasimama. Akizidisha, mchanga wa ndani unachemka: mfereji mwembamba unafunguka kando ya ukuta, maji yanapita humo kwa kasi, tofauti ya shinikizo inavunjika, na ile ndoo iliyokuwa inashuka inaganda. Mbaya zaidi, mchanga uliochemka haurudi ulivyokuwa. Kwa ile ndoo ya mita 12 ikiwa imeingia mita tatu, mchanga huanza kuwa hatarini kwenye kilopaskali 50 na kitu, sehemu ile ile niliyoitumia kwenye hesabu. Kadiri ndoo inavyozidi kushuka njia ya maji inakuwa ndefu, na unaruhusiwa kunyonya zaidi. Kwa hiyo kila kina kina kikomo chake, na mshika pampu hukaa na jedwali mbele yake, anatazama kina, shinikizo na mlalo wa ndoo kwa pamoja. Ndoo ikianza kulala upande, ananyonya zaidi mguu mmoja kuliko mingine mpaka inyooke.

Kuna jingine wanafunzi hulisahau. Mchanga wa ndani uliolegea huchukua nafasi kubwa zaidi, na ukuta wa chuma nao umeusukuma mchanga kuingia ndani. Matokeo yake uso wa mchanga ndani ya ndoo unapanda. Ukigusa kifuniko kabla ndoo haijafika kina chake, safari imekwisha, na hakuna pampu itakayoisogeza. Ndiyo maana ukuta hufanywa mrefu kidogo kuliko kina kinachotakiwa, na nafasi inayobaki juu hujazwa uji wa saruji. Pampu ikishazimwa, mwendo wa maji unakoma na chembe zinarudishiwa mzigo wao. Siku mtambo umezeeka, unasukuma maji ndani badala ya kuyatoa, na ndoo inapanda yenyewe ikatoka. Nguzo ya kupigilia hukatwa, na kipande kikabaki chini milele.

Nguzo za nyundo nazo zisidharauliwe, bado ndizo nyingi zaidi baharini. Zina tabia moja inayowashangaza wengi. Kila pigo linapoishusha nguzo, chembe zinazougusa ukuta wake zinasuguliwa, zinavunjika kidogo, zinajipanga upya, na mgandamizo wao wa kando unapungua. Mahali palipopitiwa na mapigo elfu moja panaikamata nguzo kwa ulegevu kuliko palipopitiwa na mapigo kumi. Halafu nguzo ikiachwa itulie, mchanga unaanza kuikamata tena, na unaendelea kwa miezi na miaka. Huko Dunkirk, Ufaransa, kwenye mchanga ulioshindiliwa, nguzo zilizopimwa baada ya miezi sita na kupimwa tena baada ya miaka mitano zilionyesha msuguano umeongezeka kwa kama asilimia 85. Usishangae basi kigingi cha mama kilichoingia kwa kutikiswa kikagoma kung'oka mwezi uliofuata.

Yote niliyoyasema mpaka hapa yamepimwa zaidi kwenye mchanga wa kwatsi, ile chembe ngumu ya kioo inayoletwa na mito. Sasa kamata ukufi wa mchanga wa Jambiani, uweke kwenye kisahani, ukamulie ndimu. Utatoa povu. Kwatsi haitoi povu. Mchanga wenu ni chokaa: vipande vya matumbawe, magamba ya kombe, mifupa ya viumbe visivyoonekana kwa jicho, na vile vijisahani vyeupe vya mwani wa Halimeda ambao umejaa Ghuba ya Chwaka. Uangalie kwa kioo cha kukuzia. Chembe nyingi zina matundu ndani, nyingine ni bapa, nyingine zimejikunja kama kikombe. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini kwatsi ni 7, kalisiti ya chokaa ni 3. Ukucha wako ni kama 2 na nusu.

Hapa mwanangu nakuomba uwe makini, maana mchanga huu humdanganya mtu. Ukiupeleka maabara ukaupima msuguano wa chembe, unakuja na namba nzuri, mara nyingi nzuri kuliko ya kwatsi, kwa sababu chembe zake zina pembe na zinang'ang'aniana. Mhandisi asiyeujua anafurahi. Lakini nguzo ikipigiliwa, chembe zinapondeka. Zikipondeka zinachukua nafasi ndogo, mchanga unajivuta mbali na ukuta wa nguzo, na mgandamizo wa kando unakwisha. Msuguano mzuri unabaki kwenye karatasi bila kitu cha kuubana kwenye chuma. Hebu pita na mguu wako ule ule kwenye mchanga uliojaa magamba makavu, usikilize unavyolia chini ya kisigino. Huo ndio mlio wa msingi unaopoteza nguvu.

Australia ililipa gharama ya kulijua hilo. Jukwaa la gesi la North Rankin A, kwenye pwani ya kaskazini magharibi, lilipigiliwa nguzo mwaka 1982 kwenye mchanga wa chokaa. Mahesabu yalikuwa yamefanywa kwa uzoefu wa mchanga wa kawaida. Nguzo zilizotarajiwa kupigwa nyundo kwa saa nyingi zilishuka zenyewe, kwa uzito wake, makumi ya mita. Ilibidi msingi uimarishwe upya kwa kazi kubwa na fedha nyingi, na miaka iliyofuata ilitumika kuusoma mchanga huo kuanzia mwanzo. Tangu wakati huo, penye chokaa watu wengi wameacha kupigilia: huchoronga shimo, hutia nguzo, kisha hujaza uji wa saruji unaoshikana na mwamba.

Basi bahari yetu. Haiko namna moja, na atakayekupa jibu moja kwa Zanzibar nzima hajaitembea. Upande wenu wa mashariki, kuanzia Jambiani hadi Paje na kwenda Bwejuu, ndani ya mwamba unaokata mawimbi mchanga ni tabaka tu juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Mahali pengi ukichomeka ufito unagonga jiwe kabla haujazama nusu. Ndoo ya kuta za mita sita haina pa kwenda hapo, na hata ndogo itakutana na bonge la tumbawe lililozikwa, mdomo utapinda, na mdomo uliopinda hauzibi. Ukivuka mwamba, sakafu inaporomoka kwenda kina kirefu. Kwa Pemba ni hivyo zaidi: mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na huko watu hufikiria vyombo vinavyoelea na nanga.

Upande wa magharibi ni habari nyingine. Mkondo wa Zanzibar hauna kina kikubwa, na utafiti wa mchanga wake umeonyesha mpangilio mzuri wa kujifunzia: karibu na bara chembe nyingi ni za kwatsi, zilizoletwa na mito kama Wami na Ruvu, na ukikaribia Unguja chokaa kinazidi. Nyaya za umeme zinazotoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba zinavuka humo humo. Ikiwa siku moja tutasimamisha kitu kizito kwenye maji yetu, mimi ningeanza kutafuta huko, na ningetaka kujua mambo mawili kabla ya kuchora mstari: unene wa mchanga mpaka jiwe, na kiasi cha chokaa kwa kila mita ya kina. Chombo cha kupimia kinajulikana, ni ile koni ya chuma yenye eneo la sentimita 10 za mraba inayosukumwa ardhini kwa sentimita mbili kwa sekunde huku ikipima ukinzani na shinikizo la maji. Namba zake kwenye chokaa zisisomwe kwa kanuni za Bahari ya Kaskazini. Nalisisitiza hili kwa sababu kanuni hizo zimo ndani ya programu za kompyuta, na programu haiulizi mchanga wako umetoka kwa kiumbe gani.

Ningependa pia tusiusahau ukimya wa pampu. Nyundo ya chini ya maji husikika mbali mno. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 kwa kila pigo kwa umbali wa mita 750, kwa ajili ya wanyama wa baharini tu. Sisi tuna pomboo wa Kizimkazi, na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi hupita hapa na watoto wao. Palipo na hiari baina ya nyundo na njia ya kimya, nitasimama na ya kimya.

Sasa hilo gati. Ulivyolieleza, sishangai. Mpira wa maji unaozamisha nguzo unafanya ile kazi ya ndoo bila breki. Maji yanayotoka kwa kasi kwenye ncha yanauchemsha mchanga wote unaoizunguka nguzo, yanapeperusha unga wake, na yakizimwa chembe zinatua ovyo. Nguzo imesimama, unaipiga picha, lakini iko ndani ya mchanga uliolegea kuliko ule ulioukuta. Halafu inakuja Kusi. Kila wimbi linaisukuma kidogo na kuirudisha, chembe za chokaa zinapondeka, kishimo kinafunguka kando ya nguzo, na mkondo unakichimba. Kanuni tunayotumia kukisia ni kwamba mkondo unaweza kufukua hadi kama mara 1.3 ya kipenyo cha nguzo. Kwa nguzo ya sentimita 40 ni nusu mita ya mchanga imeondoka, na kama mchanga wote ulikuwa mita moja na nusu juu ya jiwe, theluthi ya kile kilichokuwa kinaishika nguzo haipo.

Mafundi wazoefu huzima maji mita moja hadi moja na nusu kabla ya kufika mwisho, kisha hupigilia kipande kilichobaki kwa nyundo, ili ncha ikae kwenye mchanga usiochokozwa. Hiyo inasaidia palipo na mchanga mrefu. Pwani ya mashariki ningewaambia wenye gati wasibishane na mchanga: watoboe mpaka ndani ya jiwe lenyewe, watie nguzo, wajaze zege kutoka chini kwenda juu kwa bomba ili maji ya chumvi yatoke yote, na mawe yarundikwe miguuni kuzuia kufukuliwa. Ni ghali mara ya kwanza. Hoteli inayonyanyua nguzo zake kila Kusi inalipa zaidi, na mvuvi anayefunga ngalawa pale ndiye anayeumia zikilala.

Usiniamini kwa maneno. Chukua lile dumu gumu la maji ya kunywa la lita 19, lile linaloonyesha ndani, ukate kitako chake. Weka mchanga wenu wa pwani kwenye pipa, kina cha sentimita 40, ujaze maji ya bahari mpaka juu. Lipindue dumu ndani ya maji, mdomo mpana chini, utoe hewa yote, na shingoni ufunge mpira uliojaa maji. Ncha ya pili ya mpira itoe nje ya pipa, uishike sentimita tano chini ya usawa wa maji ya pipa. Hiyo ndiyo pampu yako. Dumu la kipenyo cha sentimita 27 linakandamizwa kwa kilo 5.7 kwa kila sentimita 10 za tofauti. Lisukume kwanza kwa mkono mpaka lizame sentimita tano hivi, kisha liache. Shusha ncha ya mpira pole pole, na tofauti ya maji isizidi kina ambacho ukuta umeshafika. Lazima mtu aongeze maji kwenye pipa muda wote. Litazame kwa pembeni: utaona uso wa mchanga wa ndani ukipanda taratibu. Kisha rudia upya, safari hii ushushe ncha ya mpira kwa ghafla, uandike ni kwenye kina gani na tofauti gani mchanga umeanza kuchemka.

Ukimaliza, fanya yale yale kwa mchanga wa kwatsi, hata ule wa ujenzi unaouzwa mjini, kwanza uukamulie ndimu kuhakikisha. Na siku ya bamvua, maji yakipwa kabisa, chukua nondo nyembamba ya mita mbili, nenda na mama, uichomeke kila hatua 20 kuanzia ufukweni kuelekea mwambani mpaka igonge jiwe, uandike kina. Niletee daftari hilo pamoja na namba za pipa. Tutakaa tuchore ramani ya mchanga wa Jambiani, na mradi wako wa mwaka wa mwisho utakuwa umeshaanza.